Wimbo Ndani, Mwimbaji Nje: Msanii wa Jamii katika Historia ya Ufundishaji wa Sanaa Shuleni nchini Kenya

Utangulizi

Mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Magharibi mwa Kenya, miongoni mwa amali za urithi wa kitamaduni zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Sababu zilizotolewa ni za kusikitisha ingawa si ngeni: wajuzi wengi wa ngoma hii ni wazee, hawana warithi wa kuwaachia ujuzi wao, na fedha pamoja na vifaa vya kutengenezea ala na maleba ni haba. Mtu aliyezoea kuhudhuria Tamasha la Muziki la Kenya angeweza kuishangaa taarifa hiyo. Isukuti ni mojawapo ya ngoma zilizozoeleka sana katika majukwaa ya tamasha hilo, na watoto wa shule huicheza kwa ustadi. Inakuwaje ngoma ipate wachezaji shuleni na papo hapo ikose warithi kijijini?

Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kuichunguza historia ya msanii wa jamii katika elimu rasmi ya Kenya. Msanii wa jamii hapa ni manju, mtambaji wa ngano, malenga, mpiga nyatiti au fundi mwingine ambaye ujuzi wake umetambuliwa na watu anaoishi nao hata kama hana cheti chochote. Hoja kuu ni kwamba kwa takriban karne moja shule ya Kenya imekuwa ikiipokea sanaa na kumwacha msanii mlangoni. Kila mara mlango ulipofunguliwa, iwe ni kwa tamasha la 1927, kwa silabasi ya fasihi simulizi baada ya 1974, kwa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, au kwa mtaala wa umilisi tangu 2017, kilichoingia ni matini, wimbo na hatua za ngoma. Mwenye kuvitenda alibaki kuwa mtoa habari. Suala hili linahusu haki ya wasanii, lakini linauhusu uhakiki pia, maadamu fasihi simulizi iliyotengwa na mtendaji wake hugeuka na kuwa fani nyingine.

Msanii kama Mwalimu

Dhana ya kwamba sanaa hutendwa na mtu mmoja na kufundishwa na mwingine haikuwa na mashiko katika jamii nyingi za Afrika Mashariki. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858, alikuwa mshairi na mwalimu kwa wakati mmoja. Mizani na vina vilikuwa nyenzo ya kuyahifadhi mafunzo kichwani. Mkondo huo haukukatika Pwani hata katika karne ya ishirini. Ahmed Sheikh Nabhany (1927-2017), mzaliwa wa Matondoni, Lamu, alilelewa katika ushairi na bibi yake ambaye mwenyewe alikuwa mshairi, na baadaye akawa chemchemi waliyoiendea wataalamu wa vyuo vikuu vya Afrika na Ulaya kuteka maarifa ya lugha, ushairi na ubaharia. Neno runinga, linalotumiwa leo katika kila shule ya Kenya, linahusishwa naye. Hata hivyo, darasa la Nabhany lilikuwa barazani na nyumbani kwake zaidi kuliko shuleni.

Huko bara nako ujuzi ulirithishwa kwa uanagenzi. Mwanagenzi alitazama, akaitikia, akakosea, akakosolewa, na hatimaye akapewa nafasi ya kuongoza. Mfumo huu ulikuwa na nguzo tatu. Kwanza, ulichukua muda mrefu, kwani fundi hakupatikana kwa muhula mmoja. Pili, ulifungamana na tukio: isukuti ilichezwa katika kuzaliwa kwa mtoto, jando, harusi na mazishi, na kila tukio lilikuwa na nyimbo na mwendo wake. Tatu, hadhira ilikuwa na mamlaka. Iliitikia, ikacheza, ikacheka, na ikamnyamazisha aliyeboronga.

Haifai kuupamba mfumo huo kuliko ulivyostahili. Ulikuwa na mipaka ya jinsia, umri na ukoo. Nyatiti, kwa mfano, ilikuwa ala ya wanaume. Aidha, baadhi ya nyimbo zilihusu mambo ambayo watoto hawakuruhusiwa kuyasikia. Linalopaswa kuzingatiwa ni kwamba mafunzo ya sanaa yalikuwa na mwenyewe, naye alijulikana kwa jina.

Shule ya Kikoloni na Jukwaa la Mashindano

Shule za kimishenari zilijengwa juu ya msingi tofauti. Kwa wamishenari wengi, ngoma ilikuwa alama ya upagani, na mwongofu alitarajiwa kuiacha kama alivyotarajiwa kuacha tambiko. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilipendekeza elimu ya Mwafrika ioanishwe na mazingira yake, na mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete ili kuwaandaa walimu wa kuyaeneza mawazo hayo mashambani. Lakini mazingira yaliyokusudiwa yalikuwa hasa kilimo, afya na kazi za mikono. Mtambaji na manju hawakuhesabiwa kuwa sehemu ya mazingira yenye elimu.

Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na kwa miongo ya mwanzo kipimo chake kilikuwa muziki wa Kizungu. Tamasha la Drama la Shule nalo lilianza mwaka 1959, likiwa na tamthilia za Kiingereza kama kielelezo. Baada ya uhuru matamasha haya yalifanywa ya Kiafrika hatua kwa hatua. Nyimbo na ngoma za jamii mbalimbali ziliingizwa, michezo ya Kiswahili ikapata nafasi, na katika miaka ya 1970 Wasambo Were, akiwa mkaguzi wa drama katika Wizara ya Elimu, alikuwa miongoni mwa walioisukuma drama ya shule ielekee kwenye maisha ya Wakenya wenyewe.

Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa, lakini yaligusa maudhui zaidi kuliko umbo. Jukwaa lilibaki jukwaa. Kulikuwa na muda uliopangwa, mwamuzi mwenye kalamu, alama kwa mia, na kombe la kupelekwa kwa mwalimu mkuu. Umbo hili lilitokana na utamaduni wa mashindano ya muziki ya Kiingereza, na ndilo lililopewa jukumu la kuzibeba ngoma za Kakamega, Kisii na Kilifi. Mamlaka ya kuamua utendaji mzuri yalihama kutoka kwa hadhira yenye kuitikia na kwenda kwa mwamuzi aliyeketi mezani.

Mageuzi ya 1968 na Hatima ya Mtendaji

Tarehe 24 Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akiitwa James Ngugi, pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wao mashuhuri katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Fasihi simulizi ilikuwa nguzo ya pendekezo lao, nayo ilitazamwa kama utamaduni ulio hai. Owuor-Anyumba mwenyewe alikuwa mkusanyaji wa nyimbo. Desemba mwaka huo huo Okot p'Bitek aliandaa tamasha la sanaa mjini Kisumu, na kuanzia 1971, akiwa Nairobi, aliendelea kuipinga dhana ya kwamba fasihi ni maandishi peke yake.

Mwaka 1974 mkutano wa walimu na wahadhiri uliofanyika katika Shule ya Nairobi ulilipeleka wazo hili kwenye shule za upili, na fasihi simulizi ikapata njia ya kuingia katika silabasi. Vitabu vya kiada vikafuata. Akivaga na Odaga walichapisha chao mwaka 1982, Nandwa na Bukenya mwaka 1983. Huu ulikuwa ushindi wa kweli. Kwa mara ya kwanza ngano za bibi na vitendawili vya jioni vilitambuliwa na serikali kuwa maarifa yanayostahili kutahiniwa.

Hata hivyo, namna ya kuingia kwake ndiyo iliyoamua hatima ya msanii. Ili itahiniwe, fasihi simulizi ilibidi iandikwe. Wanafunzi wa chuo walitumwa kukusanya masimulizi, wakarudi na kanda, kanda zikanukuliwa, manukuu yakatafsiriwa, na tafsiri zikawa vifungu vya mtihani. Katika kila hatua kitu kilipotea: kwanza sauti, kisha ishara za mwili, kisha lugha yenyewe, na mwisho jina la mtambaji. Mtahiniwa aliulizwa atambue kipera, ataje sifa na aeleze dhima. Angeweza kupata alama zote bila kuwahi kumwona mtu akitamba.

Wapo waliotambua hatari hiyo mapema. Kitabu cha Wanjiku Mukabi Kabira cha 1983 kilimweka mtambaji mwenyewe katikati ya uchunguzi, na kichwa chake, The Oral Artist, kilikuwa tamko la kihakiki. Njia hiyo, kwa bahati mbaya, haikuwa ndiyo iliyofuatwa na mitihani. Silabasi ilihitaji sifa za jumla, ilhali fundi mmoja hana sifa za jumla. Ana mtindo wake.

Mfano uliokaribia kuugeuza uhusiano huu ulitokea nje ya shule rasmi. Katika kituo cha elimu na utamaduni cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, wanakijiji walishiriki katika kuiunda Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wazee waliwasahihisha waandishi kuhusu nyimbo, ngoma na matumizi ya lugha. Hapo mhadhiri alikuwa mwanafunzi, na mkulima alikuwa mwalimu wa fani. Leseni ya maonyesho ilifutwa mwezi Novemba 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo, na mwaka 1982 ukumbi wa wazi uliojengwa na wanakijiji ukabomolewa. Historia hii husimuliwa aghalabu kama historia ya siasa na udhibiti, na ni sawa kuisimulia hivyo. Lakini ni historia ya elimu pia. Mradi uliomtambua msanii wa jamii kuwa mwalimu wa wasomi ulivunjwa katika kipindi kile kile ambacho fasihi simulizi iliyonukuliwa vitabuni ilikuwa ikipokelewa shuleni bila wasiwasi. Wimbo ulioandikwa uliruhusiwa. Waimbaji waliojikusanya kwa hiari yao walitiliwa shaka.

Mfumo wa 8-4-4 na Darasa la Kichochoroni

Tume ya Rais ya Muziki, iliyoongozwa na Washington Omondi, ilitoa ripoti yake mwaka 1984. Omondi alikuwa ameandika tasnifu yake ya uzamifu kuhusu muziki wa nyatiti, na kwa hiyo alikuwa ameketi na mafundi kabla ya kuketi na wakuu wa serikali. Mwaka uliofuata mfumo wa 8-4-4 ulianza, ukiwa na sanaa, ufundi na muziki katika shule za msingi. Kiswahili nacho kikafanywa somo la lazima na la kutahiniwa, jambo lililoipa fasihi simulizi ya Kiswahili nafasi pana.

Tatizo lilikuwa mwalimu. Mwalimu wa shule ya msingi alitakiwa afundishe hesabu, sayansi, muziki na ufinyanzi kwa pamoja, wakati mafunzo aliyopewa katika muziki yalikuwa machache, tena mengi yakihusu nota za Kizungu. Msimu wa tamasha ulipofika, alifanya jambo la busara: alikwenda kijijini kumtafuta mjuzi.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa darasa lisiloandikwa katika ratiba yoyote. Manju aliitwa shuleni baada ya vipindi vya jioni. Aliwafunza watoto wimbo, akawaonyesha namna ya kupiga, akarekebisha mabega na miguu. Wiki chache baadaye shule ilipanda jukwaani. Mwalimu ndiye aliyeandikwa kuwa mkufunzi, na kombe lilikwenda shuleni. Mara nyingi mjuzi alibaki na malipo madogo ya papo kwa papo au shukrani. Msimu uliofuata, mwalimu aliyekwisha kuushika wimbo hakuwa na haja ya kumwita tena.

Umbo la sanaa nalo lilibadilika. Isukuti hutumia ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, zikisindikizwa na pembe na njuga za chuma, huku kiongozi akizua maneno kulingana na tukio na waliohudhuria. Kuzua huko ndiko kiini cha fani. Katika tamasha, maneno hukaririwa ili yasipishane na muda, mwisho hujulikana kabla ya mwanzo, na hadhira hupiga makofi badala ya kuitikia. Baadhi ya tungo hufumwa upya ili kubeba ujumbe wa kampeni za serikali au za wafadhili. Mtoto huhitimu akiwa anaujua wimbo mmoja kwa ukamilifu, lakini hajui namna wimbo mwingine unavyozaliwa. Hapa ndipo jibu la swali la mwanzo linapopatikana. Shule ilizalisha wachezaji, haikuzalisha warithi.

Haki inadai kusemwa kwamba tamasha lilileta faida ambazo kijiji kisingeweza kuzileta. Mtoto wa jamii moja aliimba wimbo wa jamii nyingine na kuujua kwa jina. Wasichana walishika ala ambazo nyumbani zilikuwa za wanaume. Na somo la sanaa lilipoondolewa katika mtihani wa kitaifa wa darasa la nane mwanzoni mwa miaka ya 2000, na vipindi vyake vikachukuliwa na masomo yanayotahiniwa, tamasha ndilo lililobaki kuwa nyumba ya sanaa katika shule nyingi. Kasoro ya nyumba hiyo ni kwamba haikuwa na chumba cha fundi.

Mfano wa Bagamoyo

Tanzania ilichukua njia nyingine, na ulinganisho unafaa kwa sababu nchi hizi mbili zilianza na urithi unaofanana wa kikoloni. Katika hotuba yake ya Desemba 1962 Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akilitaja hasa suala la ngoma zilizodharauliwa shuleni. Vikundi vya sanaa vya taifa vikaundwa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikaanzishwa Bagamoyo. Hukwe Zawose (1938-2003), fundi wa ilimba na zeze kutoka Ugogo, alikuwa miongoni mwa wasanii waliokipa chuo hicho sifa. Thamani ya Zawose kama mwalimu haikutokana na shahada. Ilitokana na mikono, sauti na kumbukumbu yake, na chuo kilikubali kwamba hayo ni sifa za kufundishia.

Bagamoyo, ambayo tangu 2007 ni taasisi iitwayo TaSUBa, haikuondoa tatizo la shule za kawaida. Chuo huwaandaa wasanii. Hakimfikii kila mtoto wa darasa la tatu. Aidha, msanii aliyeajiriwa na dola huweza kuombwa aisifu dola. Lakini mfano huo unathibitisha jambo moja la msingi kwa mjadala wa Kenya: kumpa fundi asiye na cheti nafasi ya kufundisha katika taasisi ya umma kunawezekana, na kumekwisha kufanyika.

Mtaala wa Umilisi na Utata wa Sheria

Mfumo wa mtaala wa umilisi uliochapishwa mwaka 2017 unazipa sanaa hadhi ambayo hazikuwahi kuwa nayo. Sanaa zimo tangu madarasa ya chini, na katika shule ya upili ya juu Sanaa na Michezo ni mojawapo ya njia tatu za masomo. Wazazi na jamii wanatajwa kuwa washirika. Mtu angetarajia kwamba sasa msanii ataingia kwa mlango wa mbele.

Sheria, hata hivyo, zinavutana. Kwa mujibu wa Sheria ya Tume ya Kuajiri Walimu ya 2012, hakuna anayeruhusiwa kufundisha bila kusajiliwa, na usajili huhitaji vyeti. Kwa upande mwingine, Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na kulitaka Bunge lihakikishe kwamba jamii zinafidiwa kwa matumizi ya tamaduni zao. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni iliendeleza azma hiyo. Ukizisoma sheria hizi kwa pamoja, utaona ajabu: jamii inatambuliwa kuwa mmiliki wa wimbo, lakini mwimbaji hatambuliwi kuwa mwalimu wa wimbo huo. Mali imepata ulinzi kabla ya mwenye ujuzi kupata kiti.

Wapo wenye shaka, na shaka zao si za kupuuzwa. Fundi wa ngoma si lazima awe fundi wa kulea darasa la watoto hamsini. Usalama wa watoto unadai uangalizi. Darasa la Nairobi au Nakuru lina watoto wa lugha nyingi, na haijulikani ni manju wa nani aitwe kwanza. Lakini hoja hizi zinadai mpango, hazidai mlango ufungwe. Mwalimu aliyesajiliwa anaweza kuwa na dhamana ya darasa, na msanii awe na dhamana ya fani, wote wawili wakiwa mbele ya wanafunzi kwa kipindi cha muhula au zaidi na kwa malipo yanayoandikwa. Katiba yenyewe imefungua njia ambayo haijatumiwa ipasavyo. Jedwali lake la Nne limezikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea pamoja na shughuli za kitamaduni. Kaunti moja ina uwezo wa kisheria wa kuziunganisha bajeti hizi mbili na kumweka mtambaji katika chekechea, pale ambapo mtoto bado anajifunza kwa masikio.

Hitimisho

Historia iliyochunguzwa hapa inaonyesha kwamba tatizo la elimu ya sanaa nchini Kenya halikuwa ukosefu wa sanaa katika mitaala peke yake. Sanaa imeingia mara kadhaa, na kila mara imeingia ikiwa imevuliwa mwenyewe. Tamasha liliipa jukwaa likaipunguzia muda wa kuzua. Silabasi iliipa heshima ikaiondolea sauti. Sheria imeipa ulinzi bila kumpa mtendaji wake nafasi darasani.

Uhakiki wa fasihi una sehemu yake katika kosa hili, kwani ndio uliozoea kuandika kwamba masimulizi ni mali ya jamii nzima na hayana mtunzi. Kauli hiyo ina ukweli, lakini imetumiwa kufuta majina ya watu waliotumia maisha yao kuifinyanga fani. Kazi ya kwanza ya idara za fasihi ni kuyarudisha majina hayo katika makusanyo na vitabu vya kiada, na kuzisoma kazi za fundi mmoja mmoja kwa makini yale yale anayopewa mwandishi wa riwaya. Kazi ya pili ni kuwakubali mafundi hao kuwa wakufunzi wa walimu watarajiwa katika vyuo vyenyewe. Waisukha na Waidakho hawajakosa watoto wenye miguu myepesi. Wanachokosa ni muda na mahali ambapo mtoto anaweza kuketi karibu na mpiga ngoma mzee mpaka siku atakapoachiwa aongoze.